Tairi "jiwe" na maana ya presha ya upepo kwenye baiskeli

Asubuhi pale Ngamiani, hapa Tanga, mafundi baiskeli huanza kazi chai ikiwa bado jikoni, na kazi ya kwanza ni ile ile kila siku: upepo. Mteja anaegemeza baiskeli kwenye nguzo, anasema, "Fundi, jaza, iwe jiwe." Fundi anapiga pampu, anabonyeza tairi kwa kidole gumba, anaongeza mbili tatu, anabonyeza tena. "Tayari, jiwe hilo." Mteja mwenyewe anaweza kuwa kijana wa baiskeli ya resi anayekwenda Pongwe kwa lami, au mzee wa baiskeli ya Phoenix mwenye tenga la samaki, au mama aliyempakia mtoto anampeleka shule. Wote wanapimiwa kwa kidole kimoja.

Kitabuni kinachopimwa hapo kinaitwa kanieneo. Wengi tulilikariri neno hilo shule ya msingi kwa ajili ya mtihani tukaliacha hukohuko, na tumekula hasara, maana linajieleza lenyewe: kani iliyotandazwa juu ya eneo. Ukibeba ndoo ya maji kwa mpini wa waya mtupu, vidole vinakatika. Ukiuzungushia waya huo kitambaa, unafika nyumbani. Maji ni yale yale, eneo ndilo limeongezeka. Mtaani tunasema upepo, au presha, ingawa ukisema "nina presha" watu wataanza kukukataza chumvi.

Kwenye ubavu wa tairi presha huandikwa kwa PSI, yaani ni pauni ngapi zinazosukuma kila inchi moja ya mraba. Matairi mengine huandikwa kwa bar, na bar 1 ni kama PSI 14.5. Baiskeli za mtumba kutoka Japani, zile za kikapu mbele, nyingi huja na maandishi ya kPa 300. Usitishwe na ukubwa wa namba: gawanya kwa 7 utapata PSI kama 43, na ukikosea hukosei sana.

Sasa twende kwenye jaribio. Nilichukua mzani wa kupimia watu, nikaweka gurudumu la nyuma juu yake, gurudumu la mbele nikalipandisha juu ya tofali ili baiskeli ikae sawa, kisha nikapanda huku mdogo wangu amenishikia usukani na kunicheka. Mimi na baiskeli tuna kilo 90 hivi. Nyuma mzani ulisoma kilo 50 na ushee. Hapo kuna funzo la kwanza: uzito haugawanyiki nusu kwa nusu. Nyuma hubeba zaidi ya nusu, kwa kawaida asilimia 55 hadi 60, na hiyo ni kabla hujapakia kitu kwenye keria.

Kilo 50 ni pauni 110. Tairi likiwa na PSI 40, gawanya 110 kwa 40: unapata inchi za mraba 2.75. Hilo ndilo eneo la tairi linalogusa ardhi, na ukitaka kuliona, laza kiberiti ubapa juu ya sakafu. Karibu sawa. Ukipandisha upepo mpaka PSI 80, eneo linabaki nusu kiberiti. Ukishusha mpaka 20, ni viberiti viwili. Hesabu hii ni ya makadirio, kwa kuwa ngozi ya tairi nayo hubeba kidogo, lakini inatosha kuonyesha kinachoendelea. Anayekubeba ni hewa, mpira kazi yake ni kuizuia isitoroke. Ukimpunguzia hewa nguvu, anatafuta eneo kubwa zaidi ili abebe mzigo ule ule, ndiyo maana tairi lililopungua hulala.

Hadi hapo mtu anaweza kusema basi upepo mwingi ndio bora, eneo likiwa dogo msuguano unakuwa mdogo. Kwenye lami laini kama sakafu ya msikiti, kuna ukweli ndani yake. Lakini ondoka lami, ingia kokoto na mashimo ya mitaa ya ndani. Tairi laini kiasi hulimeza jiwe: linabonyea, linapita. Tairi jiwe halibonyei, kwa hiyo inabidi baiskeli nzima na wewe juu yake mnyanyuke kidogo, kisha mshuke. Kila mnyanyuko huo umelipwa na miguu yako, na mgongo umetozwa ushuru. Halafu kwenye kona yenye mchanga, nusu kiberiti haishiki kitu.

Upepo mdogo nao una balaa zake. Ukigonga ukingo wa shimo, ringi inashuka mpaka chini na kuibana tyubu dhidi ya shimo. Ukiitoa unakuta matundu mawili madogo yaliyokaa pamoja kama alama ya meno ya nyoka. Fundi mzoefu akiyaona hatafuti mwiba, anakuuliza mara ya mwisho ulijaza lini. Kuna na lile ambalo wengi hawalihusishi na upepo kabisa: valvu kung'oka kwenye shina lake. Tairi lisilokazana huteleza taratibu juu ya ringi kila unapofunga breki au kukanyaga pedeli kwa nguvu, linaiburuta tyubu, na valvu iliyofungwa kwenye tundu la ringi haina pa kwenda. Inakatika. Hapo kiraka hakisaidii.

Turudi kwenye kidole gumba, kwa sababu ndicho chanzo cha matatizo. Kidole hakipimi upepo. Kinapima jinsi ngozi ya tairi ilivyokazana, na mkazo huo unategemea vitu viwili vikizidishwa: presha iliyomo ndani na unene wa tairi. Chukua tairi la resi la milimita 25 lenye PSI 90, na tairi nene la baiskeli ya gia la milimita 50 lenye PSI 45. Ngozi zao zimekazwa sawasawa. Ukizibonyeza zote mbili, kidole kitakwambia "jiwe, jiwe", na wewe utadhani zina upepo mmoja, kumbe moja ina mara mbili ya nyingine. Ukilazimisha lile nene liingie 90, umeikaza ngozi yake maradufu ya ile ya resi, na waya wa ukingoni unaoishikilia kwenye ringi utaanza kutafuta njia ya kutoka.

Kwa hiyo kanuni ni rahisi: kadiri tairi linavyokuwa nene, ndivyo linavyohitaji presha ndogo. Tairi la resi la milimita 25, kwa mtu wa kilo 70, liko vizuri kwenye 80 hadi 90, na la milimita 28 linatosheka na 65 hadi 80. Phoenix na ndugu zake wa inchi 28 wenye tairi la 1½, mtu mmoja bila mzigo, 40 hadi 45 nyuma. Zile za mtumba wa Japani zimeshajisemea zenyewe ubavuni. Baiskeli ya gia ya inchi 26 yenye tairi la 1.95 au 2.1 ndiyo inayodhulumiwa kuliko zote, maana wenyewe huijaza kama resi. Kwenye lami 40 hadi 45 zinatosha, kwenye vumbi na mawe shusha 30 hadi 35, na kwenye mchanga wa ufukweni maji yakikupwa unaweza kushuka mpaka karibu na 20 ukaendesha pale wenzako wanapokokota. Ukirudi lami, jaza tena. Na uisuuze kwa maji baridi, chumvi haina huruma na spoki. Baiskeli ya mtoto wa kilo 25 haihitaji zaidi ya 25 au 30. Nimeona watoto wanarukaruka juu ya kibaiskeli kilichojazwa na baba mwenye nguvu, wanadhaniwa hawajui kuendesha.

Namba za ubavuni zisomeke vizuri. Ikiandikwa namba mbili, ya chini na ya juu, umepewa uwanja wa kuchezea. Ikiandikwa moja, mara nyingi hiyo ni ya mwisho, ukuta, wala hukuambiwa uifikie kila siku.

Wenye mzigo ndio wanaostahili kuukaribia ukuta huo. Muuza madafu mwenye madafu 40 nyuma amebeba kilo 60 au 70, na karibu zote zinakaa juu ya gurudumu la nyuma. Kwenye kilo 50 zake mwenyewe ongeza hizo, anafika kilo 110 au zaidi kwenye gurudumu moja. Ili tairi ligusie ardhi kiberiti kimoja lingehitaji zaidi ya PSI 85, na tairi la Phoenix halikutengenezwa kwa hilo. Anachoweza ni kujaza mpaka mwisho ulioandikwa, kukubali tairi lilale kiasi, na kuyakwepa mashimo. Madereva wa guta wanalijua hili vizuri kuliko vitabu. Lakini angalia kosa linalofuata: akijaza nyuma mpaka mwisho, anamwambia fundi afanye hivyo hivyo na mbele. Mbele hakuna madafu. Mbele panataka upepo pungufu ya nyuma, asilimia 10 hadi 15 pungufu hata kwa asiye na mzigo, kwani ndipo usukani ulipo na ndipo tairi linapotakiwa kushika njia kwenye kona.

Haya, utajuaje una PSI ngapi? Valvu ya namna ya gari unaipima kwa geji yoyote ya bodaboda. Ile nyembamba ya resi inataka geji yake au kiunganishi, na kinati cha juu kilegezwe kwanza, la sivyo utapiga pampu mpaka jioni. Baiskeli nyingi za hapa Tanga, hata hivyo, zina valvu ya zamani yenye kipira chembamba kilichovikwa kwenye pini. Hiyo haipimiki vizuri. Kipira kile ni mlango wa kuingilia tu: kinafunguka upepo wa pampu ukizidi wa ndani, halafu kinajifunga. Kwa hiyo geji ya pampu inasoma nguvu ya kuufungua mlango, ambayo ni kubwa kuliko upepo uliomo chumbani.

Hapo ndipo penseli inapokuja. Mmarekani Frank Berto, aliyeshughulika sana na upimaji wa matairi ya baiskeli, alipendekeza kipimo kisichohitaji geji: ukiwa umepanda, tairi lishuke kwa asilimia 15 ya urefu wake kutoka ardhini hadi ringi. Tairi la 1½ lina urefu wa milimita 38 hivi, na asilimia 15 yake ni karibu milimita 6, kasoro kidogo ya unene wa penseli. Egemeza baiskeli ukutani, mtu apime kwa rula toka sakafuni hadi ukingo wa ringi ikiwa tupu. Kisha panda na mzigo wako, apime tena. Tofauti ikifika unene wa penseli mbili, ongeza upepo. Kama rula haioni tofauti, punguza. Kwenye tairi nene la 2.1 tafuta milimita 8, kwenye resi ya 25 kama 4. Nilipomwonyesha fundi wangu alinitazama kwa muda, akasema, "Mjomba, hapa nina foleni." Wiki iliyofuata nikamkuta ana penseli nyuma ya sikio. Ya seremala, nene kidogo, lakini sikumsahihisha.

Hesabu ya jua ni fupi. Watu hutoa upepo saa sita mchana wakihofia jua litapasua tairi. Hewa ikipanda joto kutoka nyuzi 25 hadi 45 ndani ya tairi la PSI 60, presha inaongezeka kama 5 tu. Tairi zima halipasuki kwa 5. Linalopasuka ni lile lililokuwa ukutani tayari, au waya wake wa ukingoni umekwisha kwa kutu, na jua linasingiziwa.

Kompresa je? Nilijaza mara moja kwenye kibanda cha kuziba pancha za magari, kijana akachomeka mpira wa upepo na kugeuka kujibu simu. Tyubu ya baiskeli ni ndogo sana mbele ya mashine ile, inajaa kwa sekunde chache. Nikaliona tairi likichomoza upande mmoja wa ringi kama shavu la mwenye jino bovu, nikafungua mdomo kusema, na kabla neno halijatoka, paa! Kuku wa jirani walihama. Tangu siku hiyo, kompresa nikiitumia, naibonyeza kidogokidogo kwa mkono wangu mwenyewe, na tano za mwisho namalizia kwa pampu ya mkono.