Kupandikiza uloto kwa mtoto mwenye thalasemia: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtoto mwenye thalasemia kali ya beta hutengeneza himoglobini pungufu, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, na seli zake nyingi nyekundu hufa zikiwa bado ndani ya uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Kwa kawaida huanza kuongezewa damu kabla ya kutimiza miaka miwili, na tangu hapo huongezewa kila baada ya wiki mbili hadi tano, maisha yake yote. Kupandikizwa uloto wa mtu mwingine ndiyo tiba yenye historia ndefu zaidi inayoweza kuukatisha mzunguko huo. Upandikizaji wa kwanza kufanikiwa ulifanyika Seattle, Marekani, mwishoni mwa 1981, na mara baadaye madaktari wa Pesaro, Italia, wakiongozwa na Guido Lucarelli, wakaanza kuwatibu watoto wengi kwa njia hiyo.

Dar es Salaam ugonjwa huu haujulikani kwa kiwango cha selimundu, kwa hiyo familia inayopewa majibu hayo hupokea ushauri mwingi kutoka kwa watu wenye nia njema ambao hawajawahi kumwona mgonjwa wa thalasemia. Tangu Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ianze mwaka 2023 kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, ushauri huo umeongezeka: wengine wanasema mtoto apelekwe haraka, wengine wanasema asithubutu kuguswa. Pande zote mbili hutegemea maelezo ambayo hayako sawa.

“Thalasemia ni jina jingine la selimundu”

Magonjwa haya yote mawili ni ya kurithi na yote yanahusu himoglobini, lakini katika selimundu himoglobini imebadilika tabia, ilhali katika thalasemia imepungua. Mzazi wa mtoto mwenye selimundu anapofikiria kupandikiza huangalia maumivu ya mara kwa mara na hatari ya kiharusi, lakini mzazi wa mtoto mwenye thalasemia huangalia zaidi chuma kilichorundikana mwilini na hali ya ini. Inawezekana pia mtoto akarithi selimundu kwa mzazi mmoja na thalasemia kwa mwingine, na ndiyo maana wazazi wote wawili wanapaswa kupimwa himoglobini kwa kina kabla ya mjadala wowote wa kupandikiza. Si kweli kwamba jambo hili ni la familia zenye asili ya Gujarat, Kutch au Arabuni peke yao, ingawa aina kali ya beta huonekana zaidi huko.

“Ni operesheni ya uti wa mgongo, na anayetoa anaweza kupooza”

Hofu hii ndiyo inayovunja vikao vingi vya familia. Bibi husema kwamba mtoto mmoja anatolewa kafara kwa ajili ya mwenzake, na baada ya neno hilo hakuna anayethubutu kuendelea. Uloto hautolewi kwenye uti wa mgongo. Mchangiaji hulazwa usingizi, akalala kifudifudi, na daktari huingiza sindano nene nyuma ya mfupa wa nyonga, juu kidogo ya makalio, mbali na mishipa ya fahamu ya mgongoni, kisha akavuta uloto kidogo kidogo. Unaotoka ni mwekundu na mzito, ukiutazama ni kama damu. Mchangiaji huamka akiwa na maumivu ya kiuno yanayodumu siku kadhaa, pengine akapewa vidonge vya chuma, na uloto wake hujijaza tena ndani ya wiki chache. Hapungukiwi nguvu wala uwezo wa kuzaa. Usingizi wa dawa una hatari zake, ndogo lakini za kweli, na kwa sababu hiyo mtoto anayechangia anastahili kuwa na daktari wake mwenyewe, asiyekuwa yule wa mgonjwa, atakayemsemea yeye tu.

Kwa anayepokea, hakuna kisu kabisa. Kwanza hupewa kwa siku kadhaa tibakemikali, dawa kali zinazouondoa uloto wake wa zamani pamoja na kinga yake, na hicho ndicho kipindi kigumu: nywele hunyonyoka, kinywa hupata vidonda, chakula hakipiti. Kisha mfuko wa uloto huning’inizwa kwenye stendi ya dripu na kushuka kwenye mshipa kwa saa chache, kama damu ambayo mtoto ameizoea tangu utotoni. Baada ya hapo ni kusubiri, kwa wiki mbili hadi nne hivi, katika chumba cha peke yake, mpaka seli mpya zianze kuonekana kwenye kipimo cha damu.

“Mama au baba ndiye mchangiaji bora, mradi kundi la damu lilingane”

Kundi la damu si kigezo kikuu. Mtoto wa kundi O anaweza kupokea uloto wa ndugu wa kundi A, na baadaye yeye mwenyewe akawa kundi A. Kinacholinganishwa ni alama za tishu zinazopimwa kwa kipimo cha HLA, ambazo mtoto hurithi nusu kwa mama na nusu kwa baba. Kwa hiyo mzazi kwa kawaida hulingana na mwanawe kwa nusu tu. Anayeweza kulingana kikamilifu ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, na kwa kila ndugu nafasi hiyo ni moja kati ya nne. Familia yenye ndugu watatu ina nafasi inayozidi nusu kidogo ya kumpata angalau mmoja.

Ndugu mwenye thalasemia kali hawezi kuchangia, lakini aliyerithi jeni moja tu, ambaye ni mzima na anaishi bila kuongezewa damu, anafaa. Watu wengi hujitoa wakidhani jeni hiyo moja inawazuia, na ni hasara kubwa, kwa sababu kipimo cha HLA ni damu kidogo tu au hata ute wa ndani ya shavu. Ningeshauri ndugu wote wapimwe mapema, hata kama familia haijaamua lolote, maana mara nyingi mjadala huwa mrefu na wenye machungu juu ya jambo ambalo majibu ya maabara yangelimaliza kwa siku chache.

Mzazi anayelingana nusu hajakatazwa kabisa. Ziko hospitali zinazopandikiza kwa ulinganifu huo, na matokeo yameboreka, lakini hatari ya uloto kukataliwa au ya seli mpya kuushambulia mwili bado ni kubwa kuliko kwa ndugu anayelingana.

“Ndugu wa damu ndio wanaopaswa kumchangia mtoto damu”

Hili linahitaji kusemwa kwa upole, kwa sababu linatokana na upendo na pia na desturi ya hospitali zetu, ambako familia huombwa kuleta wachangiaji. Mtoto anayeweza kupandikizwa siku moja hapaswi kuwekewa damu ya wazazi au ya ndugu zake. Kinga yake inaweza kuzitambua alama za tishu za familia hiyo na kujiandaa kupambana nazo, na siku uloto wa ndugu yule yule utakapoingia, mwili unaweza kuukataa. Wajomba, shangazi na kaka waende wakachangie, kwenye vituo vya Mpango wa Taifa wa Damu Salama au hospitalini, lakini waseme wazi kwamba chupa zao ziende kwa wagonjwa wengine na mtoto apewe damu ya mtu asiye wa ukoo wake. Wodini, mzazi ana haki ya kuuliza.

“Tumpe bitiruti na dawa ya kuongeza damu, akikua ataamua mwenyewe”

Hapa kuna dhana mbili zinazotembea pamoja, na madhara yake ndiyo makubwa kuliko yote. Mtoto anaonekana hana damu, kwa hiyo hupewa juisi ya rozela, bitiruti, maini, na sirapu ya chuma iliyonunuliwa dukani. Lakini mwenye thalasemia hana upungufu wa chuma, kimezidi. Chupa moja ya damu huingiza takribani miligramu 200 hadi 250 za chuma, ilhali mwili hauna njia ya kutoa zaidi ya miligramu moja au mbili kwa siku. Kinachobaki huenda kwenye ini, kwenye moyo, na kwenye tezi zinazosimamia ukuaji na balehe. Rozela haitamdhuru mtoto kwa glasi moja, lakini sirapu ya chuma hapaswi kupewa kabisa, isipokuwa daktari wa damu amethibitisha kwa kipimo kwamba kweli chuma kimepungua.

Sasa tazama uhusiano wake na uamuzi wenyewe. Madaktari wa Pesaro waligundua kwamba matokeo ya kupandikiza hutegemea mambo matatu: kama ini limevimba, kama limeanza kupata makovu, na kama dawa za kutoa chuma zilitumiwa vizuri miaka yote. Asiye na tatizo hata moja kati ya hayo yuko daraja la kwanza, na mwenye yote matatu yuko daraja la tatu, ambako hatari ni kubwa zaidi. Takwimu za Ulaya za wagonjwa waliopandikizwa kati ya 2000 na 2010 zilionyesha pia kwamba matokeo hushuka kwa wale waliopandikizwa baada ya umri wa miaka 14 hivi. Kusubiri mpaka mtoto awe mtu mzima ni heshima kwa hiari yake, na nia hiyo naielewa, lakini mara nyingi anayefika ukubwani hukuta uchaguzi aliotunziwa umeshapungua thamani.

Ndiyo maana naamini kwamba kutibu chuma na kupandikiza si njia mbili zinazoshindana. Kidonge cha deferasiroksi, dawa ya kutoa chuma, kinachokorogwa kwenye glasi ya maji kila siku, kikabaki na ungaunga chini ambao unaongezewa maji na kunywewa tena mpaka uishe, ndicho kinachomweka mtoto daraja la kwanza. Vivyo hivyo kwa sindano ya deferoksamini inayopita polepole chini ya ngozi ya tumbo, kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili kila usiku. Familia inayosema imeacha dawa kwa sababu inajiandaa kupandikiza inajiharibia safari.

“Ikishindikana, tutarudi tu kwenye kuongezewa damu”

Kwa baadhi ndivyo inavyokuwa: uloto wa mchangiaji hukataliwa, wa zamani hurudi, na thalasemia pia. Si kwa wote. Katika takwimu hizo za Ulaya, waliopata uloto wa ndugu anayelingana walikuwa hai baada ya miaka miwili kwa asilimia 91, na walio hai bila thalasemia walikuwa asilimia 83. Maana yake ni kwamba wagonjwa takribani tisa kati ya mia walifariki, na wengi wao wangeweza kuishi miaka mingi kwa kuongezewa damu. Wapo pia wanaopona thalasemia wakabaki na ugonjwa mwingine, pale seli za mchangiaji zinaposhambulia ngozi, utumbo au ini la aliyepokea, na unaweza kudumu kwa miaka.

Mahali ambako damu ni salama na chuma kinadhibitiwa, watu wenye thalasemia kali wanafika miaka 50 na kuendelea. Mzazi anayekataa kupandikiza baada ya kuyajua haya si mwoga, na anayekubali hamchezei mwanawe. Kwa mtoto mdogo wa daraja la kwanza mwenye ndugu anayelingana, mimi ningeelekea kukubali, hasa kwa anayeishi mahali ambapo dawa za kutoa chuma hazipatikani katika kila duka. Kwa kijana wa daraja la tatu asiye na ndugu anayelingana, ningeanza na miezi mingi ya kutoa chuma.

“Akishapandikizwa, hospitali tumeagana nayo”

Dawa za kutuliza kinga huendelea kwa miezi sita hadi mwaka au zaidi, chanjo za utotoni hurudiwa, na chuma kilichokwisha kurundikana hakiondoki chenyewe; hutolewa kwa dawa au kwa kumtoa mgonjwa damu mara kwa mara, jambo linalowashangaza wazazi waliozoea kumwongezea. Tibakemikali inaweza kuathiri uwezo wa kuzaa, na mazungumzo ya kuhifadhi mbegu au mayai hufanyika kabla ya dawa ya kwanza. Aliyepona bado atawarithisha watoto wake jeni ya thalasemia, kwa sababu kilichobadilika ni uloto peke yake; mchumba wake apimwe.

“Kuna unga wa seli shina unaofanya kazi hiyo hiyo”

Haupo. Seli zinazounda damu haziingii mwilini kwa kumezwa. Damu ya kitovu cha mtoto mgonjwa mwenyewe nayo haimsaidii, kwa kuwa ina jeni ile ile. Tiba za jeni, kama Zynteglo iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022, ni za kweli, lakini bei yake ni zaidi ya dola milioni mbili.

“Hospitali yoyote inayopandikiza uloto inatosha”

Hospitali ya Muhimbili ya Dar es Salaam ilianza kupandikiza mwaka 2021, kwa wagonjwa wa saratani ya damu waliorudishiwa seli zao wenyewe, na aina hiyo haitibu thalasemia. Dodoma hutumia uloto wa ndugu, kwa selimundu. Familia nyingine huenda India. Popote iendapo, anza na daktari wa damu anayemfahamu mtoto, kisha iulize hospitali inayopokea: wamepandikiza watoto wangapi wenye thalasemia, si wagonjwa wangapi kwa jumla, wangapi walikuwa wa daraja la mtoto huyu, wangapi wako hai bila kuongezewa damu baada ya miaka miwili, bei iliyotajwa inafika mpaka wapi iwapo maambukizi yatarefusha siku za kulazwa, na nani Dar es Salaam atapima kiwango cha dawa za kinga kwenye damu baada ya siku mia za kukaa karibu na hospitali kwisha na mtoto kurudi nyumbani.