Nishati jadidifu na ushirikiano wa mataifa: yanayodhaniwa na yalivyo

Habari za ushirikiano wa mataifa katika nishati jadidifu, yaani ile isiyokwisha kama ya jua, upepo na maji, hujaa mikutano na sahihi. Lakini mitambo husimama au hukwama kwa sababu ya riba, dhamana, nyaya na viwango vya ubora, na huko ndiko dhana potofu zinakoleta hasara kubwa zaidi.

Dhana: Mkataba wa Paris unazilazimisha nchi kuacha makaa ya mawe na mafuta.

Hauzilazimishi. Mkataba huo wa kimataifa wa mabadiliko ya tabianchi ulipitishwa Desemba 2015 na kuanza kutumika Novemba 2016. Unaitaka kila nchi kuwasilisha mchango wake, yaani ahadi yake ya kupunguza hewa chafu, kila baada ya miaka 5 na kutoa taarifa za utekelezaji; ukubwa wa mchango nchi hujipangia yenyewe. Kamati inayofuatilia utekelezaji imezuiwa na ibara ya 15 kutoa adhabu. Hata lengo lililowekwa kwenye mkutano wa tabianchi wa Dubai mwaka 2023, la kuongeza uwezo wa nishati jadidifu mara 3 ifikapo 2030, ni la dunia nzima; halikugawiwa nchi moja moja. Anayetaka kujua nchi yake imeahidi nini asome mchango wake wa kitaifa. Nchi nyingi zinazoendelea hutenganisha humo zitakachofanya kwa uwezo wao na zitakachofanya iwapo tu zitapata fedha kutoka nje.

Dhana: Fedha zinazoahidiwa ni msaada.

Mwaka 2009, kwenye mkutano wa tabianchi wa Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi kukusanya dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020. Kwa hesabu za OECD, jumuiya ambayo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, lengo lilifikiwa 2022, na karibu asilimia 70 ya fedha za umma zilikuwa mikopo. Afrika Kusini ilipoahidiwa dola bilioni 8.5 mwaka 2021 ili ipunguze kutegemea makaa ya mawe, ruzuku, yaani fedha zisizorejeshwa, ilikuwa sehemu ndogo sana.

Mkopo unafaa pale mradi unapojilipa. Kumfundisha mchimba makaa kazi nyingine hakumrudishii mkopeshaji chochote, kwa hiyo kuligharimia kwa mkopo ni kuiongezea nchi deni. Unaposikia kiasi kikubwa kimetangazwa, uliza mambo manne: ruzuku ni kiasi gani, riba ni asilimia ngapi, marejesho yanaanza baada ya miaka mingapi, na deni litalipwa kwa sarafu gani.

Dhana: Jua halina bei, basi umeme wake ni nafuu kila mahali.

Jenereta ya dizeli hula pesa kila siku. Mtambo wa jua hula karibu zote siku unapojengwa, kwa hiyo bei ya umeme wake kwa sehemu kubwa ni bei ya mkopo. Tuseme kila kilowati ya mtambo inagharimu dola 1,000, inazalisha uniti 1,700 kwa mwaka, na mkopo unalipwa kwa miaka 25. Kwa riba ya asilimia 4, rejesho la mwaka ni dola 64, sawa na senti 3.8 kwa uniti. Kwa riba ya asilimia 12, rejesho ni dola 127.5, na uniti inafika senti 7.5. Matengenezo na bima hayamo bado. Paneli ni zile zile na jua ni lile lile, ila bei imekaribia kuwa maradufu.

Riba hupanda kwa sababu mkopeshaji ana hofu mbili. Ya kwanza ni kwamba shirika la umeme, ambalo mara nyingi ndilo mnunuzi pekee, litachelewa kulipa. Ya pili ni sarafu. Mkataba wa kununua umeme ukiandikwa kwa dola, mzigo unabaki kwa shirika linalokusanya mapato kwa fedha za nyumbani: sarafu ya nchi ikipoteza theluthi moja ya thamani yake kwa dola, malipo yale yale yanapanda kwa nusu. Ukiandikwa kwa sarafu ya nchi, mwekezaji hupandisha bei ili kujikinga.

Hapa ndipo ushirikiano una kazi kubwa kuliko popote, na hapa ndipo hauandikwi magazetini. Mfuko wa TCX, ulioanzishwa 2007, hubeba hatari ya sarafu kwa malipo. MIGA, iliyo chini ya Kundi la Benki ya Dunia, hukatia bima hatari za kisiasa. Serikali nayo huweza kutoa dhamana ya kulipa shirika la umeme likishindwa. Lakini dhamana ya serikali ni deni linalosubiri, na shirika linalouza umeme chini ya gharama halitaponywa na dhamana yoyote. Bei zake na upotevu wa umeme wake vitengenezwe kwanza.

Dhana: Kuunganisha gridi (mitandao ya umeme) za nchi mbili ni kujenga laini tu.

Laini ya Ethiopia na Kenya, kutoka Wolayita Sodo hadi Suswa, ina kilovoti 500, urefu wa zaidi ya kilomita 1,000 na uwezo wa megawati 2,000. Biashara ilianza Novemba 2022 kwa megawati 200. Waya hubeba kile kilichokubaliwa kwenye mkataba na ambacho gridi inayopokea inaweza kustahimili kukipoteza ghafla. Gridi yenye matumizi ya megawati 2,000 ikiagiza 400 kutoka nje, laini ikikatika inapoteza moja ya tano papo hapo. Masafa ya umeme, yaani idadi ya mizunguko yake kwa sekunde, yanashuka, vifaa vya kinga vinaanza kukata maeneo, na bila akiba ya umeme ya kutosha kuingia ndani ya sekunde chache nchi nzima inaweza kuwa gizani.

Laini ile ya Ethiopia na Kenya inatumia mkondo mnyoofu (DC, unaokwenda upande mmoja tu), hivyo gridi mbili hazilazimiki kwenda na masafa yanayolingana. Ukitumia mkondo geu (AC, unaobadili mwelekeo mara kwa mara), lazima yalingane. Bwawa la Itaipu la Brazil na Paraguay, lililotokana na mkataba wa 1973, linaonyesha gharama ya viwango kutofautiana: nusu ya mitambo ni ya hertzi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde) na nusu ni ya 60, na umeme wa hertzi 50 unaouzwa Brazil hugeuzwa kuwa mkondo mnyoofu kwanza, usafirishwe, kisha ugeuzwe tena.

Dhana: Hataza (haki za kisheria za mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) ndizo zinazozinyima nchi maskini teknolojia.

Seli ya jua ya silikoni, inayogeuza mwanga kuwa umeme ndani ya paneli, ilionyeshwa na maabara ya Bell Labs ya Marekani mwaka 1954; hataza zake za msingi zilikwisha muda zamani. Kinachokosekana zaidi ni viwanda, mafundi na maabara. Kiwango cha ubora cha IEC 61215 cha paneli za jua, ambacho ni tunda la ushirikiano wa kimataifa, kinataka paneli istahimili saa 1,000 kwenye nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85, pamoja na mizunguko 200 kati ya nyuzi 40 chini ya sifuri na 85 juu yake. Nchi isiyo na maabara hubaki kuamini karatasi ya muuzaji. Mnunuzi wa serikali alinganishe modeli iliyo kwenye cheti na lebo iliyo nyuma ya paneli, kisha adai orodha ya malighafi zilizopimwa, kwa sababu kiwanda kikibadilisha gundi au karatasi ya nyuma, cheti cha awali hakitoshi tena.

Dhana: Kuuza hewa ukaa, yaani kuuza haki ya kuhesabu tani za hewa hiyo zilizopunguzwa, ni pesa ya bure.

Chini ya ibara ya 6 ya Mkataba wa Paris, nchi ikiruhusu punguzo la hewa ukaa liuzwe kwa nchi nyingine, lazima irudishe tani hizo kwenye hesabu ya hewa chafu yake yenyewe ili punguzo lisihesabiwe mara mbili. Ikiuza mapunguzo rahisi, kama ya mashamba ya jua, inabaki kutimiza ahadi yake kwa yale magumu na ghali. Hesabu ya kufanya kabla ya kutia sahihi ni kutenga kwanza tani za lengo lake, kisha kuuza zinazobaki.