Je, wajua? Moyo ukisimama, pafu bado laweza kupandikizwa

Tuseme kijana ameanguka na bodaboda pale Buzuruga, Mwanza. Kichwa kimeumia vibaya, ubongo umekufa, ila moyo bado unadunda kwa kuwa mashine inampumulia. Mgonjwa mwingine, moyo wake umesimama kabisa. Familia zote mbili zimeridhia kutoa viungo. Ungetaka ndugu yako apandikizwe pafu la nani? Wengi tungekimbilia la kijana, maana damu yake bado inazunguka.

Mambo si mepesi hivyo. Ubongo unapokufa, mwili humwaga adrenalini kwa wingi. Shinikizo la damu hupanda ghafla, mishipa midogo ya mapafu huvuja, na vifuko vya hewa vinaweza kujaa maji. Ongeza siku kadhaa za kulala ICU (chumba cha wagonjwa mahututi), makohozi yaliyoziba njia, pengine na nimonia. Ndiyo maana kwa miaka mingi, katika nchi zinazofanya upasuaji huu, ni takriban mchangiaji mmoja kati ya watano waliokufa ubongo ambaye mapafu yake yalitumika.

Kwa aliyesimama moyo, hofu ni muda. Figo na ini hutegemea damu iviletee oksijeni. Damu ikisimama, viungo hivyo huanza kuharibika upesi. Pafu lina akiba yake. Hewa iliyomo ndani ya vifuko huendelea kuzipa seli oksijeni kwa muda, hata damu ikiwa imetulia tuli. Kwangu hili ndilo la kustaajabisha kuliko yote. Mwaka 1963 huko Mississippi, Marekani, James Hardy alipompandikiza binadamu pafu kwa mara ya kwanza, lilitoka kwa mtu aliyekufa kwa mshtuko wa moyo. Mgonjwa aliishi siku 18. Leo waliopewa mapafu ya namna hii huishi karibu sawa na waliopewa ya kifo cha ubongo.

Wapo pia wachangiaji walio hai: ndugu wawili, kila mmoja hukatwa sehemu ya chini ya pafu moja. Hufanyika kwa nadra, Japani hasa.

Kwa hiyo kinachoamua ni hali ya pafu lenyewe. Pale Kirumba Mwaloni, soko la samaki la Mwanza, mnunuzi mzoefu hufunua shavu la sangara atazame kama matamvua bado ni mekundu. Madaktari nao hupiga eksirei, hupitisha kamera nyembamba kwenye njia ya hewa, kisha hupima damu: mchangiaji akivuta oksijeni tupu, shinikizo la oksijeni kwenye damu linatakiwa kuzidi milimita 300 za zebaki. Huuliza na sigara. Kwetu huku ziwani ningeongeza swali: amebanika samaki kwa moshi wa kuni miaka mingapi?

Pafu lenye mashaka huweza kuwekwa kwenye mashine nje ya mwili, likapulizwa hewa na kupitishiwa majimaji ya joto la mwili kwa saa kadhaa. Utafiti wa Toronto uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba yaliyofaulu jaribio hilo yalifanya kazi sawa na yale yaliyokubaliwa moja kwa moja.