Maji ya Bukavu na sheria ya bahari

Maji ya Ziwa Kivu hayaendi Bahari ya Hindi, ingawa ndiyo iliyo karibu nasi zaidi. Yanatoka hapa Bukavu kwa mto Ruzizi, yanashuka hadi Ziwa Tanganyika, yanatokea Kalemie kwa mto Lukuga, yanaingia mto Kongo na kumwagika Atlantiki kule Banana. Nafundisha sheria ya maji, na nikiwaeleza wanafunzi kwa nini tunasoma sheria ya bahari tukiwa huku milimani, naanzia kwenye safari hiyo.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari ulitiwa sahihi Montego Bay, Jamaika, mwaka 1982, ukaanza kutumika 1994. Nchi yetu, Kongo, enzi za Zaire, iliuridhia 1989. Wengi wanaujua kwa mipaka: maili 12 za bahari ya nchi, maili 200 za ukanda wa kiuchumi. Hilo lina uzito kwetu, maana pwani yetu ya takriban kilomita 40 imebanwa na Angola kaskazini na kusini. Lakini mimi naona udhaifu mkubwa uko kwingine, katika Sehemu ya 12, inayohusu kulinda mazingira ya bahari.

Soma ibara mbili. Ibara ya 211 inahusu meli: sheria za nchi ambayo meli inapeperusha bendera yake zisiwe hafifu kuliko kanuni za kimataifa zinazokubalika. Ibara ya 207 inahusu uchafu wa nchi kavu, ukiwemo unaobebwa na mito. Hapo nchi inatakiwa itunge sheria "ikizingatia" kanuni za kimataifa. Inaweza kuzizingatia, kisha ikatunga zilizo legevu. Nahodha akitupa plastiki baharini amevunja MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi unaotoka kwenye meli, na meli yake inaweza kuzuiwa bandarini. Mji ukiacha mifereji ibebe plastiki hadi mtoni, hakuna bandari ya kuuzuia. Serikali zilikubali kubanwa kwenye meli; kwenye viwanda, mashamba na miji yao zilikataa.

Mvua kubwa ikinyesha Kadutu, hapa Bukavu, mto Kahwa unashuka na chupa, sashe (mifuko ya plastiki) na kandambili zilizokatika, unavimwaga ziwani. Vinasukumwa polepole hadi Ruzizi inapoanzia, vinakwama kwenye bwawa la Ruzizi I, lililojengwa enzi za Wabelgiji. Chupa zinatanda hadi maji hayaonekani. Zikiziba vyuma vya kuchujia, maji yanayofika kwenye mitambo yanapungua, na umeme unakatika. Sidai kwamba kila chupa ya Kadutu inafika Banana. Nyingi zinaishia bwawani, nyingine Tanganyika. Lakini uchafu wa namna hii ndio ibara ya 207 ilipaswa kuushika, na imeushika kwa vidole viwili.

Sheria ya nyumbani ipo: amri ya serikali ya Desemba 2017 ilipiga marufuku kutengeneza, kuingiza na kuuza sashe za plastiki. Nenda sokoni leo, nyanya zako zitafungwa kwenye sashe. Mkataba wa dunia kuhusu plastiki, ambao nchi ziliamua Nairobi Machi 2022 kuuandaa, ulikwama tena Geneva Agosti 2025.

Kwa hiyo, kwetu, meza ya mazungumzo yenye maana ni ya nchi za bonde moja. Mkataba wa Ziwa Tanganyika wa 2003 unaziunganisha Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Rwanda haimo, ingawa Kivu na Ruzizi ni zetu sote. Pengo hilo ndilo ABAKIR, mamlaka ya bonde la Kivu na Ruzizi yenye Kongo, Rwanda na Burundi, inaweza kuliziba. Ningeanza na jambo moja: plastiki inayoopolewa bwawani ipimwe kwa kilo kila juma, na hesabu itangazwe katika nchi zote tatu. Bila kipimo hicho, hakuna mwanasheria atakayeweza kuonyesha kama Bukavu inatimiza ibara ya 207 au inaivunja.