Kishindo cha Kisigino na Mifupa ya Wanaanga

Katika kazi yangu ya tiba ya viungo hapa Kisumu, kifaa ninachokitumia mara nyingi ni mizani ya kawaida ya kujipimia uzito. Kijana aliyevunjika ugoko kwa ajali ya bodaboda, akisharuhusiwa na daktari wa upasuaji, huweka mguu juu ya mizani hiyo na kuukandamiza mpaka mshale ufike kilo 10, kisha tunaongeza kidogo kidogo wiki hadi wiki. Mizani hiyo hiyo, ikiwekwa chini ya nyayo za mwanaanga katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, ingebaki kwenye sifuri.

Wengi hudhani kwamba huko juu dunia haivuti. Inavuta sana: kituo hicho huzunguka kwenye kimo cha kilomita 400 hivi, ambako nguvu ya mvutano ni takribani asilimia 90 ya ile tuliyo nayo hapa chini. Ila kituo na waliomo huanguka pamoja bila kukoma, kwa hiyo hakuna sakafu inayousukuma mwili kutoka chini, na msukumo huo wa sakafu ndio ambao mifupa yetu huuitikia.

Kutembea nako hutegemea msukumo huo. Kiwiliwili hupanda juu ya mguu uliokanyaga, kisha hushuka mbele kama bembea iliyopinduliwa, na nguvu iliyowekwa akiba katika kupanda hurudi katika kushuka. Hapa kwetu tuna mabingwa wa jambo hili: utafiti uliochapishwa mwaka wa 1986 ulionyesha kwamba wanawake wa Kiluo, waliojitwika mzigo kichwani, na wa Kikuyu, waliobeba kwa mkanda wa kipajini, waliweza kuchukua hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia oksijeni zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Mwanaanga hana bembea hiyo. Hujisogeza kwa kusukuma kuta kwa ncha za vidole, magoti na nyonga vikiwa vimekunjika kidogo, na miguu yake hugeuka kuwa kulabu za kujishikiza kwenye vyuma vya sakafuni, hata sugu za unyayo hubambuka na ngozi ya juu ya mguu ndiyo inayokuwa ngumu.

Kila hatua ya kutembea, ardhi huusukuma mguu kwa nguvu inayozidi kidogo uzito wa mwili, na katika kukimbia hufika mara mbili au tatu. Kishindo hicho huukunja mfupa kwa kiasi kidogo mno na kusukuma majimaji katika vijia vyake vyembamba, ambamo seli zilizozikwa ndani huhisi mwendo huo na kuamuru ujenzi au ubomoaji. Kishindo kikikosekana, wabomoaji hushinda. Mfupa wa nyonga hupoteza kati ya asilimia 1 na 1.5 ya madini yake kwa mwezi, kiasi ambacho mwanamke aliyekoma hedhi huweza kukipoteza kwa mwaka mzima. Mikono hupungukiwa kidogo tu, kwa kuwa haikuwa imezoea kubeba mwili, huku kalsiamu iliyobomolewa ikipitia kwenye mkojo na kuongeza hatari ya mawe ya figo.

Ndiyo sababu wanaanga hufanya mazoezi kwa muda wa saa mbili hivi kila siku, wakikimbia wamefungwa mikanda inayowavuta chini na kunyanyua vyuma ambavyo, kwa kuwa huko havina uzito, hupewa ukinzani na mashine ya mitungi ya ombwe (iliyoondolewa hewa) iliyopelekwa mwaka wa 2008. Kwa maoni yangu, ukali wa mzigo na namna unavyobadilika vina maana kuliko wingi wa saa. Katika majaribio ya mfupa wa bawa la ndege yaliyochapishwa mwaka wa 1984, mikandamizo minne kwa siku ilitosha kuuzuia usipungue, na baada ya 36 nyongeza haikuleta faida zaidi.

Wakirudi, misuli hupona kwa wiki au miezi. Nyonga huweza kuchukua miaka. Hata vipimo vya madini vinapokaribia kiwango cha zamani, vijiti vyembamba vya ndani ya mfupa vilivyokwisha kukatika haviungani tena.