Binti wa Kaizari wa China: Cheo, Posho na Ukweni

Katika nasaba ya Qing (1644–1912), binti wa kaizari hakuzaliwa na cheo. Alitunukiwa baadaye, kwa kawaida umri wa kuolewa ukikaribia, na kilichoamua daraja lake ni mama. Wa malkia alikuwa gulun; wa suria alikuwa heshuo, ngazi moja chini.

Alinyonyeshwa na yaya, si mama yake. Kila sikio lilitobolewa matundu matatu, kwa desturi ya Wamanchu, kabila la watawala wa Qing, na miguu haikufungwa ili ibaki midogo, kwani huo ulikuwa utamaduni wa Wahan, Wachina walio wengi.

Posho ndiyo inayoonyesha alitazamwaje. Gulun aliyeolewa Beijing alipata tael (kipimo cha uzito cha Kichina) 400 za fedha kwa mwaka, yaani kilo 15 hivi; heshuo 300. Akiozwa kwa wakuu wa Kimongolia, gulun alipata 1,000 na majora 30 ya hariri. Heshuo 400 na majora 15. Ukarimu huo ulikuwa wa kisiasa: Qing ilihitaji askari na farasi wa Wamongolia, na ndoa ilikaza mapatano. Kejing, binti wa Kaizari Kangxi, aliozwa kwa Wakhalkha, tawi la Wamongolia, mwaka 1697. Jumba lake mjini Hohhot sasa ni makumbusho. Walioozwa kwa Wamongolia hawakurudi Beijing kutembea ila kwa ruhusa.

Walioolewa Beijing walipewa jumba, lakini la serikali: binti akifa, linarudishwa. Mumewe, efu, akioa tena alivuliwa cheo. Hata wakwe walimpigia magoti mkamwana wao, mpaka Kaizari Daoguang, wa karne ya 19, alipoifuta desturi hiyo.

Hatari kubwa ilikuwa ukweni kuanguka. Hexiao, aliyezaliwa 1775, alikuwa wa suria, lakini Kaizari Qianlong alimpenda mno akampa ugulun; kanuni ilipinda pale mwenyewe alipotaka. Akamwoza kwa Fengshen Yinde, mtoto wa Heshen, waziri aliyejitajirisha kwa rushwa. Qianlong alipofariki 1799, Kaizari Jiaqing, kaka yake Hexiao kwa baba, hakungoja hata matanga yaishe: Heshen alikamatwa, mali ikatwaliwa, akaamriwa ajiue. Mwanawe alinusurika kwa sababu ya mkewe, na sehemu ya mali ikaachwa kwa ajili ya Hexiao. Fengshen Yinde alifariki 1810. Hexiao aliishi mjane hadi 1823.