Kuhamisha maktaba ya nyimbo hadi kompyuta mpya: yanayosemwa na yaliyo kweli

Laptopu ya zamani imeanza kujizima, mpya imefika, na kila unayemuuliza anakwambia kazi ni ya nusu saa: nakili, bandika, kwisha. Nusu saa yenyewe si uongo, ila inatosha faili tu. Wengi hugundua baada ya wiki, wakati deejay yuko harusini Mji wa Kale wa Mombasa na pleilisti ya chakacha haina kitu, au mzee anatafuta kasida alizozitia nyota miaka kumi na hazionekani. Faili zipo. Kilichobaki nyuma ni kile kilichozifanya ziitwe maktaba.

"Maktaba ni folda ya nyimbo. Ukinakili folda umehamisha maktaba."

Hapa ndipo makosa mengi huanzia. Maktaba ina sehemu mbili. Kuna faili zenyewe, yaani MP3, M4A, FLAC au WAV. Halafu kuna daftari ambalo programu huliandika kivyake: pleilisti, nyota, idadi ya mara wimbo umechezwa, tarehe ulipoingizwa, na mahali faili ilipo kwenye diski. Jina la wimbo, msanii na albamu kwa kawaida huandikwa ndani ya faili ya MP3 yenyewe, kwa hiyo husafiri nayo. Vile vingine vyote viko kwenye daftari.

Kwa iTunes ya Windows, daftari hilo ni faili iitwayo iTunes Library.itl, ndani ya folda ya iTunes iliyo kwenye Music. Kwenye Mac, programu ya Music ilichukua nafasi ya iTunes kuanzia macOS Catalina ya 2019, na daftari lake huitwa Music Library.musiclibrary. Serato, programu ya madeejay, huweka folda ya _Serato_ kwenye kila diski yenye nyimbo, kwa hiyo mwenye diski mbili ana folda mbili na azibebe zote. Rekordbox, nayo ya madeejay, ina amri yake, "Backup Library", chini ya File kisha Library. Itakuuliza kama unataka na nyimbo zenyewe ziingie kwenye nakala hiyo. Diski yenye nafasi ikiwepo, jibu ndiyo.

Kwa mtumiaji wa iTunes kwenye Windows, mpango ni huu. Fungua File, Library, Organize Library, utie alama "Consolidate files". Amri hiyo hukusanya kwenye folda moja nyimbo zote zilizotawanyika: zile za Desktop, za Downloads, na za flashi iliyokuwa imechomekwa siku ile. Hakikisha diski ina nafasi, kwa sababu iTunes hunakili, haihamishi. Ikimaliza, ifunge kabisa, kisha nakili folda nzima ya iTunes hadi diski ya nje. Kwenye kompyuta mpya sakinisha iTunes ya toleo lilelile au jipya zaidi, kwa kuwa toleo la zamani hukataa kusoma daftari lililoandikwa na toleo jipya. Bandika folda ndani ya Music. Bonyeza Shift na usiiachilie huku ukifungua iTunes, chagua "Choose Library", umwonyeshe ile faili ya .itl. Kwenye Mac kitufe ni Option.

Picha za albamu zina vituko vyake. Zile ambazo iTunes ilizivuta yenyewe mtandaoni hukaa kwenye folda ya Album Artwork, wala hazimo ndani ya nyimbo. Ndiyo sababu tunasema folda nzima ya iTunes, si iTunes Media peke yake.

"Pleilisti nimezihifadhi kama M3U, kwa hiyo ziko salama."

Faili ya M3U haina wimbo hata mmoja ndani yake. Ifungue kwa Notepad uone: ni mistari ya maandishi, kila mmoja ukisema wimbo uko wapi, kwa mfano D:\Muziki\Chakacha\05.mp3. Kompyuta mpya ikiwa haina D:, au folda umeiita Nyimbo badala ya Muziki, pleilisti hufunguka na isicheze chochote.

Tiba ni tatu, na ya kwanza ndiyo rahisi. Nyimbo zikiwa kwenye diski ya nje, ipe diski hiyo herufi ileile iliyokuwa nayo: andika diskmgmt.msc kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, bofya diski kwa kitufe cha kulia, chagua "Change Drive Letter and Paths". Dakika moja, na programu karibu zote hutulia. Ya pili ni kubadilisha njia hizo kwa Replace ya Notepad, kisha kuhifadhi kwa UTF-8. Majina yakiwa na herufi za Kiarabu, tumia kiendelezi .m3u8. Ya tatu ni kuweka pleilisti ndani ya folda kuu ya nyimbo na kuacha njia fupi tu, Chakacha\05.mp3, bila herufi ya diski. Pleilisti ya namna hiyo hufanya kazi popote folda itakapowekwa.

"Kila ukinakili, sauti inapungua."

Hilo lilikuwa kweli kwa kaseti. Faili ya dijitali ikinakiliwa ni ileile, biti kwa biti. Mwenye shaka apime nakala zote mbili kwa amri hii kwenye Command Prompt: certutil -hashfile "wimbo.mp3" SHA256. Namba zikilingana, hakuna kilichobadilika.

Kinachoua sauti ni kugeuza faili iwe umbo linalotupa sehemu ya sauti, kama MP3. Na kugeuza MP3 ya kbps 128 iwe 320 hakurudishi kilichokwisha kutupwa: wimbo wa dakika nne unatoka karibu MB 3.8 hadi MB 9.6, na masikio hayapati kitu.

"Nimepata flashi ya TB 2 kwa bei ya chapati, itabeba zote."

Flashi ghushi zimejaa mijini kote, na za Moi Avenue na Digo Road, Mombasa, hazina kinga. Ndani yake kuna chipu ndogo, pengine GB 16 au 32, iliyofundishwa kuiambia kompyuta kwamba ni kubwa. Unanakili GB 90, majina yote yanaonekana, ukubwa unasoma sawa. Ila kila kilichozidi uwezo halisi kimeandikwa hewani. Utajua unapocheza: nyimbo za mwanzo zinalia, zilizofuata ni kimya au makwaruzo.

Kabla ya kuiamini, ijaribu ikiwa tupu kwa programu ya bure iitwayo H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac. Huijaza flashi yote, kisha huisoma tena na kulinganisha. Inachukua muda. Flashi ya GB 64 inayoandika MB 10 kwa sekunde itahitaji karibu saa moja na dakika hamsini kuandika tu, na kusoma juu yake. Ikishindwa mtihani, irudishe dukani siku hiyohiyo ukiwa na risiti.

Kwa kazi hii diski ya nje ya kawaida ni bora kuliko flashi. Iumbize (format) kwa exFAT, ambao ni mfumo wa kupanga faili kwenye diski, kama unahama kati ya Windows na Mac, kwa kuwa Mac husoma NTFS lakini haiandiki. Ikiwa pande zote ni Windows, NTFS ndiyo imara zaidi. FAT32 waachie redio za gari na matatu, ambazo nyingi hazisomi nyingine: haikubali faili moja kufika GB 4, na aliyefungasha nyimbo zote kwenye zip moja atagonga ukuta hapo.

"Stima ikikatika katikati, nitaendelea pale nilipoachia."

Ukinakili kwa kuburuta folda, Windows haikumbuki ulipofika. Tena wimbo uliokuwa ukiandikwa dakika ile unaweza kubaki nusu huku jina lake likionekana zima. Diski ya exFAT huumia zaidi kwa sababu haina kumbukumbu ya mabadiliko kama NTFS, na folda nzima inaweza kuharibika. Laptopu ina betri, sawa, lakini diski kubwa ya mezani inayotumia adapta yake huzimika pamoja na taa, na ruta nayo, kama ulikuwa unahamisha kwa WiFi.

Tumia robocopy, amri ya kunakili ya Command Prompt, imo ndani ya Windows tayari:

robocopy "D:\Muziki" "F:\Muziki" /E /R:2 /W:5 /LOG:C:\Users\Public\nakala.txt

/E hubeba folda zote za ndani. /R:2 na /W:5 ni muhimu kuliko zinavyoonekana: bila hizo, robocopy hujaribu faili mbovu mara milioni moja, ikingoja sekunde 30 kila mara. Stima ikirudi, rudia amri ileile. Zilizokwisha kufika zitarukwa. Mwisho soma nakala.txt, uangalie safu ya FAILED kama ni sifuri. Na usiongeze /MIR kwa sababu umeiona mahali: hufuta upande wa pili kila kisichokuwepo upande wa kwanza.

Diski ikijitoa yenyewe bila stima kukatika, shuku waya kwanza. Hewa ya chumvi ya pwani hula miguso ya chuma, na ile plagi pana bapa ya diski za USB 3 hulegea upesi.

"Kitakachopotea nitakipakua tena."

Kwa nyimbo zinazouzwa leo, huenda. Lakini maktaba za Mombasa zina vitu ambavyo havimo kwenye duka lolote la mtandaoni: taarabu ya harusi iliyorekodiwa ukumbini, kanda za duka la taarabu la Mbwana Radio Service, maulidi ya mtaani. Kaseti ya dakika 60 huingizwa kwenye kompyuta kwa dakika 60 kamili, hakuna njia ya mkato, na kanda yenyewe pengine imekwisha kunata. Hizi ndizo za kutiwa nakala mbili kabla ya kugusa kitu.

Ziangalie ziko katika umbo gani. Kaseti nyingi zilihifadhiwa kama WAV, karibu MB 635 kwa saa, na iTunes haiandiki majina ndani ya WAV. Huyaweka kwenye daftari lake tu. Ukibeba faili bila .itl, unafika na "Track 01" mia mbili. Zigeuze ziwe FLAC, au ALAC kama unabaki na iTunes, ambayo haichezi FLAC. Zote mbili hazipotezi sauti, hupunguza ukubwa sana, na hushika majina ndani yake.

Jambo la majina lina mtego wake. Zein l'Abdin utamkuta kwenye maktaba moja kama Zein Labdin, Zein Abdin na Zein L'Abdin, na programu inawahesabu wasanii watatu. Kasida zenye majina ya Kiarabu zilizoandikwa na programu za zamani hutokea kama takataka za herufi kwenye kompyuta mpya, kwa sababu ziliandikwa kwa mfumo wa zamani wa herufi za Kiarabu uitwao Windows-1256. Programu iitwayo Mp3tag hurekebisha yote mawili. Kwa hayo ya Kiarabu kuna kitendo chake, "Convert codepage". Lakini usisafishe katikati ya safari. Ukibadilisha jina la msanii, iTunes iliyoruhusiwa kupanga folda hubadilisha na njia ya faili, Serato inapoteza wimbo, na huwezi tena kulinganisha nakala na asili. Hamisha, hakiki, ndipo usafishe.

Kupandisha zote mtandaoni kunawezekana, ila piga hesabu kwanza. GB 60 kwa kasi ya kupandisha ya Mbps 5 ni zaidi ya saa 26 mfululizo. Na hifadhi za mtandaoni hufungwa: Google Play Music ilifungwa mwishoni mwa 2020.

"Nilizopakua kwenye Spotify nitazibeba."

Hazibebeki. Zimefungwa kwa ajili ya programu hiyo tu. Ingia kwa akaunti yako kwenye kompyuta mpya, uzipakue upya.

"Simu ina nyimbo zote, nitazitoa huko."

Iwapo ni iPhone, iTunes ya kompyuta mpya itakwambia simu imeunganishwa na maktaba nyingine na kukuuliza kama ifute na kusawazisha ("Erase and Sync"). Ukikubali kwa haraka, nyimbo za simuni zinaondoka na nafasi yake inajazwa na maktaba tupu. Hata zikitoka salama, huenda zilishushwa hadi kbps 128 zilipokuwa zikiingia, kama ile alama ya kupunguza ukubwa ilikuwa imewekwa.

"Mpya imewaka na inacheza, sasa nifute ya zamani."

Bado. Linganisha folda mbili kwa Properties: idadi ya faili, na mstari wa "Size". Usitazame "Size on disk", hiyo hutofautiana kwa namna diski ilivyoumbizwa. Kisha cheza nyimbo kutoka sehemu mbalimbali za maktaba, hasa zilizonakiliwa mwisho, na ufungue kila pleilisti. Kama folda ya Music ilikuwa imeunganishwa na OneDrive, tafuta alama ya wingu pembeni ya jina: wimbo huo haukuwa kwenye kompyuta, ni jina lake tu, na nafasi ya bure huko ni GB 5.

Kama umewahi kununua nyimbo kwenye iTunes, kabla ya kuifuta ya zamani fungua Account, Authorizations, "Deauthorize This Computer". Akaunti moja huruhusu kompyuta tano, na iliyofutwa bila kuondolewa huendelea kuhesabiwa. Aliyekwisha kufuta bado ana "Deauthorize All" kwenye ukurasa wa akaunti yake, lakini hiyo hukubali mara moja tu kwa mwaka.